Uzee wako utalipiwa na mfuko upi?

Mtu akitimiza miaka 70 huku kwetu, awe Ahero, Butere au Molo, kuna mifuko minne inayoweza kumlisha: watoto wake, akiba aliyojiwekea, makato ya mishahara ya vijana walio kazini, na kodi ya nchi nzima. Hata Ujerumani na Japani, ambako ubishi hauishi kuhusu kama serikali itamudu kuendelea kuwatunza wazee, wanachanganya mifuko hiyohiyo kwa vipimo vyao. Nimeilinganisha hapa kwa ajili ya msomaji wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya ambaye bado ana nguvu, anayetaka kuamua pesa zake aziweke wapi na sauti yake aitumie kudai nini.

Kipimo changu ni kimoja. Mfuko ukipungukiwa, nani anaumia kwanza? Kila mfuko hupungukiwa siku moja, na anayekwambia wake haupungukiwi mwogope.

Watoto

Huu ndio mfuko tunaoujua, na ndio unaolisha wazee wengi wa vijijini hadi leo. Lakini umebadilika bila sisi kukaa chini na kuujadili. Utafiti wa uzazi wa 1977/78 ulionyesha kuwa mama wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Ule wa 2022 ulionyesha wastani wa 3.4. Kwa watoto wanane, hata kama wawili wamepotelea mjini na mmoja ni mgonjwa, watano wanabaki kugawana mzigo. Kwa watatu hesabu ni nyingine kabisa.

Nyanza ilijifunza udhaifu wa mfuko huu kwa uchungu mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2007 ulikuta takriban asilimia 15 ya watu wazima wa Nyanza wakiishi na virusi vya Ukimwi, mara mbili ya kiwango cha nchi nzima. Wanawake wa Siaya na Homa Bay waliotarajia kulishwa na wana wao walijikuta wakiwazika wana hao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu, wakiuza omena na mboga katika umri wa kupumzika. Walikuwa wamezaa, wamesomesha, wametimiza kila walichofundishwa kutimiza, na mfuko ukawatoka mikononi.

Hata pale ambapo watoto wapo, mfuko huu ukipungukiwa anayeumia kwanza ni yule mmoja aliyefanikiwa. Mwalimu kijana wa Bondo anayelipia dawa za mamake, karo ya wadogo zake na michango ya matanga hawezi kujiwekea chochote, kwa hivyo uzee wake nao unasubiri watoto ambao hajawazaa. Upungufu unasukumwa kizazi kimoja mbele. Anayefuata kuumia ni mzee mwenyewe, ambaye huona aibu kuomba mara ya pili mwezi uleule. Watoto wema ni baraka, na simwambii mtu awakatae. Namwambia asiwahesabu kama mpango wake pekee.

Makato ya walio kazini

Njia hii ilianzia Ujerumani mwaka 1889, enzi za Otto von Bismarck, pensheni ikitolewa kwa aliyefika miaka 70. Wengi hudhani pesa za Mjerumani hukaa mahali zikimngoja. Sivyo. Kinachokatwa leo kwenye mshahara wa fundi wa magari wa Stuttgart hulipwa karibu papo hapo kwa mzee aliyestaafu, na fundi hupewa ahadi kwamba vijana wa baadaye watamtendea vivyo hivyo. Nchi ikiwa na vijana wengi, mpango huu ni rahisi na unapendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ujerumani ilikuwa na wachangiaji karibu sita kwa kila mstaafu. Siku hizi wamebaki wawili hivi. Makato ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri, na bado serikali huongezea zaidi ya euro bilioni 100 kila mwaka kutoka kwenye kodi.

Tazama kila nchi ilivyochagua wa kuumia. Ujerumani inapandisha umri wa kustaafu hadi miaka 67 ifikapo 2031. Ufaransa mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kuutoa umri huo 62 kuupeleka 64, na mamilioni wakamiminika barabarani kupinga. Japani, ambako karibu watu watatu kati ya kila kumi wana miaka 65 au zaidi, iliamua mwaka 2004 kwamba makato yasipite asilimia 18.3, halafu pensheni yenyewe ndiyo ipunguzwe kidogo kidogo kadiri wachangiaji wanavyopungua. Kwa maneno mengine, Japani imemkinga mfanyakazi na kumwachia mzee mzigo. Denmark imefunga umri wa kustaafu kwenye umri wa kuishi: watu wakiishi zaidi, wanafanya kazi zaidi. Nchi hizi zote bado zinalipa. Wanachovutana ni ugawaji wa maumivu, na mara nyingi kijana ndiye anayeambulia fungu kubwa, kwa sababu wazee ni wengi na wanapiga kura.

Kwa mtazamo wa haraka, Kenya ingeonekana shamba zuri la mpango kama huu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na waliofika miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7 tu. Vijana tele, wazee wachache. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wetu hawako kwenye ajira rasmi. Nani atamkata mama anayekaanga samaki Dunga, au fundi wa mabati wa Kibuye, au kijana wa boda boda pale Kondele? Mzigo wote ungewaangukia wachache wenye mshahara. Tena wale vijana tele wa leo ndio wazee tele wa mwaka 2065, na wanazaa watoto watatu au wawili.

Serikali yenyewe imeshaukimbia mpango wa aina hii. Kwa miaka mingi walimu na watumishi wa umma walistaafu bila kuchangia hata shilingi, pensheni zao zikilipwa moja kwa moja kutoka Hazina Kuu. Bili ilipozidi kukua, mpango mpya ulianza Januari 2021: mtumishi hukatwa asilimia 7.5 na serikali huweka 15, pesa zikae kwenye mfuko wa mtumishi. Huyo ni mwajiri anayeijua hesabu yake vizuri kuliko sisi. Kwa wananchi wote wa Kenya, mfuko huu wa makato ya kulishana nauondoa mezani.

Akiba yako mwenyewe

Hapa kuna mengi ya kutazama, kwa sababu hapa ndipo msomaji ana uamuzi wa kufanya wiki hii.

NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, iliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mchango wa juu ulibaki Sh200 kwa mwezi, na mwajiri Sh200, kiasi kwamba mtu alistaafu kiwanda cha sukari baada ya miaka thelathini na kukabidhiwa hundi isiyotosha kujenga nyumba ya vyumba viwili. Sheria ya 2013 ilibadilisha hayo: asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na 6 kutoka kwa mwajiri. Ikakwama mahakamani karibu muongo mzima hadi Mahakama ya Rufaa ilipoiruhusu Februari 2023, na viwango vikaanza kupanda hatua kwa hatua. Kufikia Februari 2025 makato yalikuwa yanahesabiwa kwenye mshahara hadi Sh72,000. Wengi walilalamika, na nawaelewa, maana siku hizi mshahara unakatwa kila upande. Hata hivyo, msichana anayefungasha maua Naivasha kwa Sh30,000 sasa anawekewa Sh3,600 kila mwezi, nusu yake ikiwa si pesa yake. Nusu hiyo ya mwajiri ndiyo faida ambayo hakuna chama wala sacco inayoweza kumpa.

Asiye na mwajiri yeye hukosa nusu hiyo. NSSF ina mpango wa Haba Haba, Sh25 kwa siku kwa simu, na kabla yake kulikuwa na Mbao, uliozinduliwa 2011 kwa watu wa jua kali, Sh20 kwa siku. Je, Sh25 zinafika wapi? Nimepiga hesabu. Ni Sh9,125 kwa mwaka. Ukianza na miaka 30 na usikose hata siku moja hadi 60, kwa riba ya asilimia 7 kila mwaka, utakuwa na karibu Sh860,000. Zinasikika nyingi. Sasa weka mfumko wa bei wa asilimia 6 kwa mwaka, na pesa hizo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na Sh150,000 hivi. Zigawanye kwa miaka 15 ya uzee: ni Sh830 za leo kwa mwezi. Ndoo ya unga na sabuni.

Lakini badilisha kitu kimoja. Badala ya kung'ang'ania Sh25 maisha yote, ongeza mchango kila mwaka kadiri bei zinavyopanda, Sh25 iwe Sh26.50, kisha Sh28, hivyo hivyo. Hesabu ileile inakupa karibu Sh1,650 za leo kwa mwezi, maradufu. Ukianza na Sh50 na kuongeza vilevile, ni karibu Sh3,300. Kwa hiyo anayeweka akiba huku, awe NSSF, sacco au mfuko mwingine wa pensheni uliosajiliwa, aache kuuliza tu anaweka ngapi. Aulize pia kama anaongeza kila Januari.

Mfuko huu ukipungukiwa anayeumia ni wewe mwenyewe, peke yako, wakati huna tena nguvu ya kurudi kazini. Chile ilituonyesha jambo hilo kwa nchi nzima. Mwaka 1981, chini ya utawala wa Pinochet, iliachana na mpango wa kulishana na kumwambia kila mfanyakazi aweke asilimia 10 ya mshahara kwenye akaunti yake katika kampuni binafsi. Wanajeshi na polisi hawakuingizwa. Mpango ulisifiwa dunia nzima. Waliokuwa na ajira ya kudumu walipata kitu. Wanawake waliokaa nyumbani kulea, vibarua na wachuuzi, walikuta akaunti zenye mapengo na pensheni ya kuhuzunisha. Mwaka 2008 serikali ya Michelle Bachelet ikalazimika kuweka pensheni ya kodi chini yao, na mwaka 2022 ikapanuliwa kuwafikia takriban wazee wote. Katikati, wakati wa korona, bunge liliruhusu watu kuchota akiba hizo mara tatu, na akaunti nyingi zikabaki tupu.

Mapengo. Hilo ndilo neno la kukumbuka kwa mtu wa magharibi mwa Kenya. Mkulima wa miwa analipwa kiwanda kikilipa. Mvuvi ana miezi mizuri na miezi mikavu. Akiba inataka kipato kinachokuja kila mwezi, na sisi wengi hatunacho. Kisha ugonjwa unaingia: kulazwa wiki mbili tu kunaweza kumaliza akiba ya miaka mitano. Ndiyo maana namshauri mtu wa jua kali alipie SHA, bima ya afya ya serikali, kwanza kabla ya mpango wowote wa uzee, hata kama kulipia mwaka mzima kunamuuma. Akiba isiyo na bima ya afya ni ya kuazima tu.

Ploti na nyumba za kupangisha nazo ni akiba, na Nakuru nimeona zikiwasitiri wazee vizuri. Zinahitaji mtaji ambao wengi hawana, basi.

Kodi ya nchi nzima

Uingereza ilianza hivi mwaka 1909: shilingi tano kwa wiki kwa mzee wa miaka 70 asiye na uwezo, bila kuulizwa alichangia nini. Lesotho, nchi ndogo yenye milima na kipato kidogo, tangu 2004 humlipa mzee aliyefika miaka 70 kwa pesa zake yenyewe. Zanzibar iliingia mwaka 2016 na pensheni ya Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70, bila kutafuta nani maskini na nani tajiri. Nataja hawa kwa sababu kuna dhana kwamba nchi lazima itajirike kwanza.

Kenya ilianza jaribio lake takriban mwaka 2006, na mbili kati ya wilaya tatu za mwanzo zilikuwa huku kwetu: Nyando na Busia, pamoja na Thika. Likakua likawa sehemu ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, na mwaka 2018 likafunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70 asiye na pensheni. Malipo ni Sh2,000 kwa mwezi.

Je, tunaweza kumudu? Wazee milioni moja wakilipwa Sh2,000 kila mwezi ni Sh24 bilioni kwa mwaka. KRA, mamlaka ya kukusanya kodi, ilikusanya takriban Sh2.4 trilioni katika mwaka wa fedha wa 2023/24. Ni asilimia moja. Katika mwaka huohuo riba ya madeni ya serikali ilizidi Sh800 bilioni. Naomba msomaji azipime namba hizi tatu kwa utulivu. Ujerumani na Ufaransa zinahangaika kwa sababu ahadi waliyotoa ni kubwa kuliko makato yanayoingia. Ahadi yetu ni ndogo, na inatikisika kwa sababu hakuna kinachoilinda Hazina inapobanwa na madeni.

Na huko ndiko mfuko huu unakopungukia. Malipo hucheleweshwa, miezi miwili au mitatu ikilimbikizana, na nyanya wa Nyakach hana chama cha wafanyakazi cha kugoma kwa niaba yake. Usajili ulifungwa kwa miaka, hivyo waliotimiza 70 katikati wakasubiri huku wenzao wakilipwa. Mbaya zaidi, Sh2,000 zimebaki Sh2,000 kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa mfumko wa asilimia 6 hivi, thamani yake ni kama nusu ya ilivyokuwa. Hakuna bunge lililopiga kura ya kuwapunguzia wazee nusu. Bei ziliwapunguzia, kimya kimya. Waingereza wana kanuni inayopandisha pensheni kila mwaka kwa kipimo kikubwa kati ya bei, mishahara au asilimia 2.5, na kanuni hiyo sasa inawatia hofu wapanga bajeti wao. Sipendekezi tuige yote. Kufuata bei pekee kungetosha.

Kuna anayesema pesa za bure hupotea. Siaya inajibu. Shirika la GiveDirectly liligawia zaidi ya kaya 10,000 za huko takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti walioongozwa na Dennis Egger na Edward Miguel wakafuatilia pesa hizo zilivyozunguka. Kila dola ilikuza uchumi wa eneo kwa karibu dola mbili na nusu, na majirani ambao hawakupewa kitu nao wakanufaika kwa biashara, huku bei zikipanda kidogo sana. Zilikuwa pesa za wafadhili, na mfadhili huondoka siku akitaka, lakini duka la kijijini halijui shilingi imetoka Hazina au ng'ambo.

Uchague upi

Ukiwa na mwajiri, usikwepe makato ya NSSF hata ukipewa nafasi ya kulipwa mkononi. Wengi wenye waajiri wadogo Nakuru na Eldoret hukubaliana kimyakimya kutosajiliwa, na anayefaidi ni mwajiri. Angalia taarifa yako kwenye simu uone kama anapeleka kweli.

Ukiwa wa jua kali na chini ya miaka 40, anza na SHA, halafu kiasi chochote cha kila siku unachoweza kukiongeza mwaka kwa mwaka. Chama cha mzunguko ni kizuri kwa karo na mabati. Kwa uzee hakifai, kwa sababu pesa inarudi mikononi haraka mno.

Aliye na miaka 50 bila akiba ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, na wako wengi: walisomesha, wakazika, wakaanza upya. Kwake Haba Haba haitatosha. Namshauri amalize madeni, ahakikishe jina lake na tarehe ya kuzaliwa vinalingana kwenye kitambulisho na kila rekodi, maana wazee wengi hukwama hapo usajili unapofunguliwa, na kama ana kipande cha ardhi chenye hati, asikubali kukiuza akiwa hai kwa ajili ya sherehe yoyote. Halafu ajiunge na sisi wengine kudai mfuko wa nne uimarishwe, kwa sababu yeye ndiye utakayemwokoa.

Kama raia, chaguo langu ni kodi iwe sakafu kwa wote na akiba iwe juu yake kwa anayeweza. Chile ilifika hapo baada ya miaka ishirini na saba. Dai lenyewe ni fupi na linaweza kusemwa na mtu yeyote kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma: kiwango cha Inua Jamii kipande kila Julai kwa kufuata mfumko wa bei unaotangazwa na KNBS, shirika la takwimu la taifa, usajili usifungwe, na malipo yawekwe kwenye sheria katika kundi la yale ambayo Hazina hairuhusiwi kuahirisha. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na kamati za bunge husikiliza wananchi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Anayetaka kuandika barua aiandike Machi, aipeleke kwa mbunge wake na nakala kwa kamati ya bajeti, na ataje kijiji chake kina wazee wangapi waliopita 70 na wangapi kati yao hawalipwi.